Mtaalamu Anasoma

"Nisamehe dada, leo siwezi," mke wa Mtaalamu alimnong'oneza mteja wake mlangoni, utadhani ndani kuna mgonjwa mahututi. "Mtaalamu anasoma."

Mteja alikuwa na furushi la nywele za kusukia kwapani na hasira za mtu aliyetembea kwa miguu. "Anasoma nini kila jioni? Mtu mzima yule, shule haimwishi?"

"Mambo ya kompyuta hayana mwisho."

"Basi ziambie na nywele zangu zisiote mpaka amalize," mteja alisema, akageuka. Mke wa Mtaalamu alisimama kizingitini akamwangalia akivuka barabara, akipita duka la simu, akiingia moja kwa moja kwa yule msusi mwingine aliyefungua juzijuzi. Kisha akafunga mlango taratibu, maana hata bawaba zilikuwa zimeamriwa kunyamaza.

Biashara ya kusuka huchangamka jioni, watu wakishatoka makazini, na wanaosukwa hawajui kukaa kimya. Zamani sebule ile ilikuwa ikivuma kwa vicheko na habari za watu. Sasa ilikuwa kimya kama ofisi ya serikali siku ya mapumziko. Tangu Mtaalamu atangaze kwamba kazini kwao asiyejifunza kila siku ataachwa nyuma, jioni yote ilikuwa mali yake. Chumba cha kulala kiligeuzwa chumba cha masomo. Watoto walifanyia kazi za shule jikoni, daftari magotini. Mama mzazi wa Mtaalamu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alijiteua kuwa askari: mtoto akikohoa anakodolewa macho, akicheka anafinywa. Kila Mtaalamu alipoleta cheti, Bibi alikipigilia msumari ukutani, na hakuna mgeni aliyeonja chai ya nyumba ile kabla hajavisifu vyeti vyote.

Huko chumbani, juu ya meza ndogo, kompyuta ilikuwa ikifundisha. Kijana mmoja ndani ya video alieleza kwa bidii jinsi programu za kisasa zinavyoandikwa, akichora vijisanduku na mishale. Mtaalamu alikuwa amejilaza kitandani na soksi zake miguuni, akicheza drafti kwenye simu. Mara mojamoja alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kuendelea, akairudia drafti yake.

Tusimwonee. Hakuanza hivi. Jioni zile za mwanzo alikaa kwenye kiti, kalamu mkononi, akasikiliza kwa dhati. Huyu ndiye aliyeandika mifumo ya kwanza ya kampuni yao, wakati hao vijana wa leo walikuwa bado wanafungwa kamba za viatu. Lakini somo la tatu lilimshinda. Akalirudisha nyuma, akalisikiliza tena, akalirudisha tena, na kila mara lilimpita kama mtu anayejua njia anavyompita mgeni. Aliogopa. Aliogopa vibaya sana, kwa sababu hakuwahi kushindwa na kazi yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ameshindwa. Basi akaiacha video iende mpaka mwisho ikijisemea, na kesho yake kazini akakuta amehesabiwa muda wote ule kana kwamba ameelewa kila neno. Jioni iliyofuata akaifanya tena. Ya tatu yake haikumuuma hata kidogo.

*

Kampuni yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa waliyoiita ubao, na kila Jumatatu asubuhi Bosi alisimama mbele yake akiwa na kikombe chake cha chai. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno ya haraka, asiyependa kukaa. Ubao ulionyesha kila mwandishi wa programu amejifunza kwa muda gani juma lililopita. Bosi aliuweka baada ya mteja mmoja mkubwa kuwahama, akilalamika kwamba wanafanya kazi za kizamani.

"Mtaalamu juu tena," Bosi alisema. "Mnaona? Mtu ana mke, ana watoto, ana mama nyumbani, na bado anasoma. Ninyi makapera mnafanya nini?" Kisha macho yake yakashuka mpaka chini kabisa. "Miwani, mwanangu, una nini?"

Miwani ndilo jina alilopewa yule binti siku aliyoajiriwa, na jina likamganda. "Nasoma, Bosi," alisema. "Kila asubuhi, kabla sijafungua barua pepe. Nachukua programu ambayo mwenzetu ameiandika, naisoma mpaka niielewe. Na nina kitabu, nakwenda nacho kurasa chache chache."

"Ubao hauoni kitabu."

Watu walicheka. Mtaalamu naye alicheka, tena kwa sauti, huku moyoni akimwonea wivu yule binti kwa namna ambayo asingeweza kumweleza mtu.

"Sasa sikilizeni," Bosi aliendelea. "Ile hospitali inayotumia lebo zetu za watu wazima tangu mwaka jana imekubali. Wanataka mfumo wa lebo za dawa za watoto. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, mashine inapiga hesabu, lebo inatoka: mpe kiasi hiki, mara hizi. Tukiwafurahisha watatupa na hospitali zao nyingine. Nani ataongoza? Sihitaji kuuliza, ubao umeshajibu." Akamwinulia Mtaalamu kikombe. "Na mshahara utapanda, usijali. Cheo hakiendi mikono mitupu."

Hapo ndipo mtu mwingine angesema, Bosi, subiri kidogo. Mtaalamu aliangalia zile nyuso zote zilizomgeukia.

"Nashukuru, Bosi," akasema.

Nyumbani habari ile ilipokewa kwa vigelegele vya Bibi, watoto wakaruhusiwa kupiga kelele kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mkewe alikaa kwenye mkono wa kiti chake, akamshika bega. Muhula uliopita alisimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu tangu asubuhi, yeye na wazazi wengine waliochelewesha ada, wakiitwa mmoja mmoja kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

"Sitasimama pale tena," alisema. "Kumbe zile jioni hazikwenda bure, Baba Watoto. Wateja nimewakosa, lakini hazikwenda bure."

"Hazikwenda bure," Mtaalamu alirudia, akaomba maji ya kunywa.

*

Programu aliandikiwa. Aliieleza programu moja ya akili bandia anachotaka, nayo ikamtemea mistari kwa mistari, safi, imepangwa vizuri, na maelezo ya heshima pembeni. Mtaalamu aliipitishia macho kama mtu anavyoupitishia macho mkataba wa benki. Kisha akaiomba iandike na majaribio ya kuipima kazi yake yenyewe, nayo ikayaandika, na yote yakatoka na alama ya kijani. Ni sawa na mwanafunzi ajitungie mtihani, aufanye, ajisahihishie, kisha akawaonyeshe wazazi. Lakini kijani ni kijani, na Bosi alipopita nyuma yake alimpigapiga begani akaondoka ameridhika.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki. Kampuni ile ilikuwa na desturi tangu enzi za kuanzishwa kwake, walipokuwa watu wachache kwenye meza moja: kabla programu haijaenda kwa mteja, aliyeiandika hukaa na mwenzake akamsomea mstari kwa mstari, akimweleza kila mmoja unafanya nini. Wao waliiita kusomeana. Zamu ya kumsikiliza Mtaalamu ilimwangukia Miwani.

Alivuta kiti akaja na kikombe chake cha maji. Mtaalamu alianza kwa mwendo wa kukimbia. "Hapa tunapokea jina. Hapa tarehe ya kuzaliwa. Hapa dawa. Hapa uzito. Hapa hesabu. Hapa lebo inachapwa. Tumemaliza."

"Turudi kwenye uzito," Miwani alisema. "Huu mstari hapa unafanya nini?"

"Unashughulikia uzito."

"Ndiyo, lakini unaushughulikia vipi? Naona kuna namba ndani yake. Imetoka wapi?"

Mtaalamu aliutazama ule mstari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama kweli. Ulikuwa mfupi, umebanwabanwa kwa zile alama mpya ambazo somo la tatu lilikuwa limezieleza na yeye hakuzielewa.

"Hayo ni mambo ya kawaida ya siku hizi," alisema. "Ukimaliza kozi utakutana nayo."

"Kozi ipi? Nitajie, nikaisome leo."

Hakuwa anakejeli. Hilo ndilo lililomkera Mtaalamu zaidi, kwamba binti aliuliza kwa nia njema, na kwamba vidole kwenye meza za jirani vilikuwa vimeacha kubonyeza. Ofisi nzima ilikuwa imetega masikio. Alihisi kama mtu anayevuliwa nguo mbele ya watoto wake, akapandisha sauti.

"Hebu geuka utazame ukutani. Geuka! Jina lako liko wapi pale? Halafu wewe uliye mkiani ndiye wa kunikalisha mimi chini kama mtoto wa chekechea?"

Mtu mmoja upande wa dirishani alicheka puani. Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akachukua muda mrefu kuifuta. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mimi sijauelewa mstari huu," alisema taratibu. "Kama wewe umeuelewa, basi."

"Nimeuelewa."

Miwani akabonyeza kitufe cha kuidhinisha, akasimama, akarudisha kiti mahali pake. Mchana Mtaalamu alikwenda kula na wenzake, akala kama mtu anayemeza vidonge. Wenzake walimtania kuhusu ofisi yake mpya, kama ataweka pazia ama kapeti. Alicheka pale ilipobidi.

*

Jioni ile nyumba ilinyamaza kama kawaida. Mtaalamu alifunga mlango, akawasha video, akajitupa kitandani na simu. Lakini drafti haikushikika. Kila alipotaka kusogeza kete aliuona ule mstari, mfupi, umebana, na namba yake katikati. Alipoteza mchezo, akaanzisha mwingine, akapoteza. Mwishowe akaiacha simu kifuani, akaikodolea dari macho.

Kule jikoni mkewe alikuwa akimkagulia mtoto hesabu. Sauti ya video ilikuwa imezoeleka masikioni mwake kiasi kwamba alikuwa haisikii tena, ila ilipobadilika ndipo akaisikia. Ilikuwa ikisema kitu kilekile. "Je, bado upo? Bonyeza ili kuendelea." Kimya kidogo. "Je, bado upo? Bonyeza ili kuendelea."

Aliinua kichwa. Bibi naye aliinua kichwa. Sauti ikauliza tena, kwa upole uleule.

"Mbona hajibu?" Bibi alinong'ona. "Mwanangu ana presha, yule."

Mkewe aliacha kalamu, akapita sebule kwa hatua ndefu, akausukuma mlango bila kubisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masomo yaanze. Alimkuta mumewe amelala chali, macho wazi, simu kifuani, na juu ya kioo cha simu kete nyeusi zimeizingira kete nyeupe moja.

"Unaulizwa kama upo," alisema.

Mtaalamu alikurupuka, akabonyeza. Kijana wa ndani ya video akaendelea na maelezo yake kwa furaha. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, akasikiliza kidogo, akamwangalia mumewe, akaiangalia simu, na mambo yakaanza kupangika usoni mwake moja baada ya jingine.

"Leo umechoka?" aliuliza. Alikuwa anampa mlango wa kutokea, na sauti yake ilimwomba autumie.

Angeweza. Angesema ndiyo, na angeaminiwa, angalau kwa jioni ile. Lakini alikuwa ameshasema "nimeuelewa" mara moja siku hiyo na hakutaka kuongeza uongo wa pili.

"Kila siku iko hivi," alisema.

"Kila siku ipi?"

"Zote. Ila zile za mwanzo kabisa."

"Na vyeti?"

"Video ikifika mwisho, cheti kinakuja."

Mkewe hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alizoea kunong'ona chumba kile kikiwa na mtu, na alinong'ona hata sasa, na kila neno lilitoka peke yake.

"Nimewafukuza watu mlangoni kwangu. Watu wazima, na pesa zao mkononi. Nimewaambia mume wangu anasoma. Wanangu wanaandika sakafuni kama hawana kwao. Mama yako amemfinya mtoto kwa sababu ya kucheka, mtoto akalia kimoyomoyo asikusumbue. Na wewe unacheza drafti."

"Nilishindwa," Mtaalamu alisema. "Sikuelewa. Niliona aibu."

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia nini? Wewe ndiye pekee uliyekuwa bado unaniona mtaalamu kweli. Wengine wananitania tu."

Kijana wa video akachora mshale. Mkewe alinyoosha mkono akaifunga kompyuta kwa kofi. Kimya kilichofuata kilimtisha hata Bibi kule nje, akasikika akikohoa.

"Hicho cheo walichokupa," mkewe alisema hatimaye. "Hiyo kazi ya hospitali. Uliifanyaje basi?"

Ikabidi aseme. Akamwambia habari za akili bandia, na kijani, na Miwani, na alivyomwaibisha mbele za watu, na ule mstari. Kuhusu Miwani aliongea huku akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Mstari huo unasemaje?"

"Sijui."

"Dawa za watoto, na hujui."

"Sijui."

"Basi ujue," mkewe alisema, akaifungua ile kompyuta tena, akaisukumia kwake. "Usome sasa hivi. Mimi siendi popote."

Mtaalamu alikaa kwenye kiti. Alichukua ule mstari, akaukata vipande, akaanza na alama ya kwanza. Hakuijua. Akaitafuta, akasoma maelezo, hakuyaelewa, akayasoma tena. Hofu ileile ya siku za mwanzo ilipanda, ile ya kutaka kusimama atoke. Mkewe alikuwa pale nyuma yake, kimya, mikono imefungwa kifuani, kwa hiyo hakusimama. Akaandika mfano mdogo pembeni, akaupa uzito, akaona jibu. Akaupa uzito mwingine. Jibu lilikuwa sahihi. Alama ya pili ikafunguka kidogo, akaona ilivyoshikana na ya kwanza, akahisi kitu ambacho alikuwa amekisahau, ile raha ndogo ya kichwa kufanya kazi. Akaanza kujisomea kwa sauti, kama walivyofanya enzi zile za meza moja.

"Kama uzito umeandikwa, chukua huo. Kama haukuandikwa..." Akasita. Akafuta uzito kwenye mfano wake, akaacha pengo tupu, akabonyeza. "Kama haukuandikwa, chukua sitini."

Akabonyeza tena. Sitini.

"Mbona umenyamaza?" mkewe aliuliza.

"Muuguzi akisahau kumpima mtoto, au mizani ikiwa mbovu, akaacha pengo, mashine haitauliza. Itajazia yenyewe. Kilo sitini." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umekwisha. "Itamtolea mtoto mchanga dozi ya mtu mzima. Na lebo itatoka safi kabisa."

Mkewe alishika mdomo. "Wanaanza kuitumia lini?"

"Kesho asubuhi."

Simu ya Bosi iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Alikuwa na namba moja nyingine ya kupiga, ya mwenye zamu ya kuangalia mifumo wiki ile, na zamu ilikuwa ya Miwani. Mtaalamu alikaa na lile jina kwenye kioo cha simu, kidole hewani.

"Piga," mkewe alisema.

Miwani alipokea upesi, sauti kavu. "Ndiyo, Mtaalamu."

"Ule mstari ulioniuliza. Sikuwa nimeuelewa. Nilikudanganya mbele ya watu wote. Kuna kosa ndani yake, kosa baya, naomba uzime ule mfumo."

"Nisomee."

Akamsomea, alama kwa alama, safari hii bila kukimbia. Upande wa pili alisikia pumzi ikivutwa.

"Mtaalamu, walishaanza," Miwani alisema. "Mfamasia wa hospitali alipiga leo mchana akaomba wajaribu kwa wagonjwa wachache. Bosi akaruhusu."

Mkewe, aliyekuwa amesogeza sikio kwenye simu, alikaa sakafuni.

"Nazima sasa," Miwani alisema, na vidole vyake vikasikika. "Umezimika. Ninampigia mfamasia apitie kila lebo iliyotoka. Mpate Bosi wewe, mwambie kwa mdomo wako, mimi sitakusemea." Kisha, sauti ikashuka. "Nami nilibonyeza. Nilijua siuelewi, nikabonyeza. Niliogopa kuchekwa."

*

Kulipokucha Bosi alimpitia kwa teksi. Alikuwa ameshaambiwa yote usiku na Mtaalamu mwenyewe, na alikuwa amevaa suti yake ya kwendea kwa wateja. Hakumtazama Mtaalamu mpaka gari lilipofika barabara kubwa.

"Lebo moja ilitoka bila uzito," alisema. "Moja. Mfamasia aliitafuta namba ya mama wa yule mtoto, akampata. Alikuwa ameshamimina dawa kwenye kijiko, mtoto yuko mapajani. Ameimwaga." Alivuta pumzi. "Cheo hakipo. Hilo unalijua. Kazi yenyewe sijaamua. Itategemea kama leo tunatoka pale na mkataba au bila mkataba. Kwa hiyo leo niachie mimi niongee."

"Sawa, Bosi."

"Ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Waone kwamba tunajua tunachofanya."

Dirisha la dawa la hospitali lilikuwa na foleni iliyopinda mpaka kwenye ngazi. Waliingizwa kwa mlango wa nyuma, katikati ya rafu za makopo na maboksi. Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ya koti lake jeupe imekunjwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwakaribisha kukaa, na viti havikuwepo ila kimoja chake, mbele ya kompyuta. Nyuma yake mashine ndogo ya lebo ilikuwa ikichapa, tik tik tik, na msaidizi akizibandika kwenye chupa na kuzipitisha dirishani.

Bosi aliongea vizuri. Aliomba radhi bila kujidhalilisha, akaeleza kwamba kosa lilikuwa kwenye sehemu ya watoto peke yake, kwamba limegunduliwa na kampuni yenyewe, kwamba limezimwa mara moja. Mfamasia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Mtaalamu.

"Wewe ndiye uliyeligundua kosa jana?"

"Ndiyo."

"Na ndiye uliyeiandika?"

"Ndiyo. Nilitengenezewa na akili bandia, nikaipitisha bila kuisoma."

Bosi alikohoa. Mfamasia hakumwangalia. Alinyoosha kidole kwenye ile mashine nyuma yake, iliyokuwa bado inachapa.

"Hizi za watu wazima tunazotumia tangu mwaka jana, nazo uliandika wewe?"

"Ndiyo. Mimi."

"Programu ya hizo uliisoma?"

Mtaalamu alihisi macho ya Bosi ubavuni mwa uso wake. Hakuhitaji kugeuka kujua yanasema nini. Yalikuwa yanamwomba neno moja, na ndani ya neno hilo kulikuwa na mkataba, na mishahara ya watu wote wa ghorofa ile, na ada ya watoto wake, na mkewe asisimame tena nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alijaribu kukumbuka. Mwaka jana. Alikuwa ameandika sehemu nyingine mwenyewe na nyingine ameziokota mtandaoni, na baada ya kuona kijani na kusomeana haraka haraka, alikwenda kulala. Ipi ni ipi, hakujua.

Mashine ikachapa lebo nyingine. Msaidizi akaibandika, akaita jina la mtu.

"Sikumbuki kuisoma," Mtaalamu alisema. "Siwezi kukuambia iko salama."

"Mtaalamu," Bosi alisema kwa sauti ya chini.

"Siwezi, Bosi. Nipeni kiti niisome. Nisiyoielewa nitasema siielewi, na tutampigia Miwani. Lakini hizo lebo zisitoke mpaka nimalize."

Mfamasia akainuka kwenye kiti chake, akanyoosha mkono, akaizima mashine. Kule dirishani watu walianza kunung'unika. Mzee mmoja akagonga kioo kwa fimbo, akauliza kwa ukali ni kwa nini huduma imesimama, na nani amesimamisha.

Bosi aliokota mkoba wake, akaenda kusimama mlangoni, amewapa mgongo.

"Ni mimi, mzee," Mtaalamu alijibu, akakaa.